Mwaka Niliomsomea Wawira Nyimbo

Wiki iliyopita nilikuwa jikoni nachambua maharagwe wakati simu ya mjukuu wangu ilipolia, na mtu upande wa pili akaomba kuongea na Mama Mwenda. Alisalimia polepole sana, akauliza mvua, akauliza ng'ombe, nami nikajua kuna jambo. "Mama Mwenda, mimi ni Njue, kijana wa Wawira, kutoka huku Embu. Mama ametuacha." Nikamwambia pole. Hakusikia. Akaanza kuita halo, halo, akidhani laini imekatika, jinsi watu wote hudhani wakinipigia. Mjukuu wangu akachukua simu akamwambia, "Shosho yuko, anakusikia. Ni sauti yake tu iko hivyo." Njue akasema, "Najua. Mama alituambia. Ndiyo maana napiga. Alisema siku yake ikifika, wimbo usomwe na huyo."

Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Niliishia darasa la saba, na haya ninayoandika jioni ni mambo ya mvua na chai, nani amekuja na nani ameugua. Sina hakika kama nakumbuka mambo yalivyokuwa au nilivyotaka yawe. Lakini tangu ile simu nimekuwa nikiuona mwaka ule kila nikiketi, na naona afadhali niuandike nikijaribu nisimwonee mtu yeyote, hata wale walioniumiza, kwa sababu wengi wao hawakujua wananiumiza.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa na rovu shingoni, ule uvimbe ambao wasichana wengi wa kwetu milimani walikuwa nao siku hizo. Pia nilikuwa na sauti. Naisema hivyo bila aibu kwa kuwa haipo tena na haiwezi kunipa kiburi. Katika kanisa letu kule Meru, pale juu ya Nkubu, mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Nikifungua mdomo hata wanaume waliokuwa nje wakiongea habari za kahawa walikuwa wanaingia. Rovu lilipoanza kunikaba wakati wa kulala, nilipelekwa hospitali likaondolewa. Daktari alikuwa ameniambia mapema, mama yangu akiwa pale pale, kwamba mshipa wa sauti unapita karibu na unaweza kuumia. Niliitikia kwa kichwa. Kwa hivyo sisemi nilidanganywa. Nilipoamka niliomba maji, na mama wa kitanda cha jirani akaniangalia mdomo akasema, "Sema basi, unataka nini?" Nikarudia. Kilichotoka kilikuwa kama gunia linalovutwa kwenye sakafu. Niliambiwa ningoje, itarudi. Nikangoja mpaka kidonda kikawa kovu na kovu likawa jeupe.

Niliomba sana. Mama alifunga kula, wamama wa kanisa wakafunga naye. Kisha tukasikia kuna mhubiri amekuja Makutano, anaombea wagonjwa kwenye uwanja karibu na steji ya matatu, na mama akauza kuku wawili tukaenda. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Zamu yangu ilipofika, yule mhubiri aliweka mkono wake juu ya kovu, akaomba mpaka jasho lake likanidondokea, halafu akasogeza maikrofoni kwenye mdomo wangu. "Taja jina la Yesu! Paza sauti!" Nikalitaja. Ile sauti ya gunia ikatoka kwenye spika zote mbili, watu wakainamisha macho. Akaondoa maikrofoni, akasema karibu na sikio langu, na hakusema vibaya, "Imani, dada. Imani bado ni kidogo." Akaenda kwa mwingine. Kwa haki yake niseme kwamba aliyenifuata alikuwa mama mzee wa mkongojo, na yule mama alirudi nyumbani bila mkongojo. Nilimwona kwa macho yangu, na baadaye nilimwona sokoni akibeba ndizi. Sitakana nilichoona. Lakini kwa hiyo nililia zaidi, maana kama ingekuwa ni uongo ningekasirika tu, na hasira ni nyepesi kubeba.

Kilichonitoa nyumbani ni maneno niliyosikia kupitia ukuta wa mbao wa jikoni. Jirani yetu, mama mmoja mwema aliyetuletea uji kila siku nilipotoka hospitali, alikuwa ameketi na mama yangu wakimenya viazi. Alisema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, "Na huyu sasa ataolewa na nani? Nyumba ikishika moto ataitaje watu?" Mama akajibu, "Atanong'oneza moto uzime." Wakacheka kidogo wote wawili. Kisha nikamsikia mama akipuliza moto kwenye mafiga kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji. Kabla ya mwezi kuisha nikaambiwa kwamba baridi ya kwetu ni mbaya kwa koo, na kwamba nitaenda kukaa na Tata Ciambuba, dada ya mama, aliyeolewa kule chini Embu, kwenye joto.

Huko chini mvua ilikuwa imekataa. Nilikuwa nimezoea migomba na matope, na pale ardhi ilikuwa nyekundu na ngumu, mbuzi wakisimama kwa miguu miwili kufikia majani ya miti. Nyumba ya Tata ilikuwa ya udongo, chumba changu kikiwa na kitanda cha kamba, kuku aliyeatamia chini ya kitanda, na magunia ya mtama yaliyokunjwa vizuri kwa kuwa hayakuwa na kitu. Tulikula ugali wa yale mahindi ya manjano ya serikali, yaliyokuwa na harufu ya meli, na majani makavu ya kunde. Mara ya kwanza nilisita, Tata akanisukumia sahani. "Kula. Tumbo haliulizi rangi." Alikuwa mtu wa maneno mafupi. Nadhani alinipenda, ingawa hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Kanisa lao lilikuwa la mabati na kuta za udongo, na lilikuwa na vitabu viwili tu vya nyimbo kwa watu wote, tena vya Kikikuyu. Wengi hawakujua kusoma. Basi walikuwa na njia yao: mtu mmoja anasoma mstari kwa sauti kubwa, watu wanauimba, anasoma unaofuata, wanauimba, hivyo hivyo mpaka wimbo uishe. Waliita kusomea wimbo. Mzee aliyefanya kazi hiyo alikuwa ameingiwa na ukungu machoni, na Mwinjilisti Njeru, aliyelisimamia lile kanisa, akauliza nani atamsaidia. Tata akanisukuma mgongoni. "Kanana huyu amesoma mpaka darasa la saba." Nilitamani udongo unimeze. Nikasimama na kitabu, nikasoma mstari wa kwanza, na hakuna aliyesikia. Nikasoma tena. Kule nyuma vijana wachunga mbuzi wakaanza, "Redio imeisha betri! Weka juani!" Kanisa zima likacheka, na kusema kweli ilikuwa inachekesha, betri za redio tulikuwa tunazianika juani kweli.

Hapo ndipo mwanamke aliyesimama kushoto kwangu, mtoto mgongoni, alipoinamisha kichwa mpaka sikio lake likakaribia mdomo wangu. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akageuka akautoa ule mstari kwa sauti iliyotikisa mabati, na kabla kicheko hakijaisha watu walikuwa wameshaanza kuimba. Akaniletea sikio tena. Nikampa wa pili. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, mimi nikinong'ona na yeye akipaza, na mtoto wake amelala kabisa katikati ya kelele zote hizo.

Huyo ndiye Wawira. Alikuwa amenizidi miaka michache, meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na hakuwa amekanyaga darasa lolote. Tulipotoka nje akaniambia, "Wewe una macho, mimi nina mdomo. Mungu alichukua kitu cha mtu mmoja akatugawanyia." Sikucheka. Nilimwonea wivu, na nadhani aliona. Kila Jumapili nilisimama karibu naye nikimpa maneno, nikisikia ile sauti ikipanda vile yangu ilivyokuwa ikipanda, na nilirudi kwa Tata nikiwa na donge. Ilinichukua muda kuacha kumwonea wivu. Kwa uaminifu sijui kama niliacha kabisa hata baadaye.

Lakini nilikuwa nikienda kwake. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya korongo, na mchana joto likizidi tuliketi jikoni kwake, penye giza na harufu ya maziwa ya mbuzi yaliyogandia kwenye kibuyu, nikimsomea nyimbo za Jumapili ili azijue. Mume wake, Nyaga, alikuwa mtu wa kimya aliyechonga mizinga ya nyuki. Kanisani alikaa nyuma karibu na mlango na hakuimba hata siku moja. Mama mkwe wake aliitwa Igoki, na mtoto alikuwa amepewa jina lake kama desturi, kwa hiyo yule nyanya alimwita mtoto "mimi mdogo". "Mimi mdogo amekula? Mimi mdogo ana joto?" Igoki mdogo alikuwa ameanza tu kutembea, akishika sketi yangu na kuvuta.

Siku moja nilimwambia Wawira nitamfundisha kusoma, ni rahisi, kwa mwaka mmoja atakuwa anajua. Alikuwa anakoroga uji wa mtama na hakugeuka. "Nikijua kusoma, wewe utakuwa na kazi gani?" Nikasema kwa uchungu kwamba mimi niliomba sauti na Mungu akakataa, kwamba mhubiri wa Makutano aliniambia imani yangu ni kidogo. Akafikiri. "Mimi sikuomba sauti. Mama mkwe ndiye ameomba inyamaze, na haijanyamaza. Sasa utasema imani ya yule mama ni ndogo?" Kutoka nje mama mkwe akajibu, "Bado naomba!" Nikacheka, mara ya kwanza tangu hospitali, na kicheko changu kilikuwa kibaya kama kikohozi cha mbuzi, na wao wakacheka zaidi. Siku hiyo Wawira alinipa sufuria kuukuu isiyo na masikio, na mwiko. "Ukiona nyoka, au moto, piga hii. Mimi nitajua ni wewe." Nilikuwa nimemsimulia yale maneno ya jikoni kwetu.

Surua ilikuja wakati watoto walikuwa wamekonda kwa njaa. Boma baada ya boma, tulikuwa tunasikia. Wawira alikuwa ameshuka mtoni na wamama wengine kuchimba mchanga kutafuta maji, na mimi nilibaki na Igoki mdogo, ambaye alikuwa na joto na vipele vimeanza nyuma ya masikio. Nilikuwa nimempakata. Mara mwili wake ukakakamaa, macho yakapanda juu. Nilifungua mdomo kuita, kama mtu yeyote angefungua, na hakikutoka kitu. Nikamweka begani, nikachukua ile sufuria, nikasimama ukingoni mwa korongo nikapiga, nikapiga, mpaka mwiko ukavunjika na nikaendelea na jiwe. Wawira alikuja mbio, mchanga ukiwa umemjaa mpaka kwenye viwiko. Sufuria ilifanya kazi yake. Mara nyingi nimejiuliza kama sauti ingefika haraka zaidi. Nimepima vile ninavyoweza, na naona isingekuwa hivyo. Korongo lile lilikuwa linameza sauti za watu. Lakini kujiuliza hakuishi hata ukipata jibu.

Tulimpeleka mpaka Embu mjini, hospitali. Wale wauguzi walihangaika naye. Kulikuwa na watoto wawili wawili kwenye kila kitanda, na wengine sakafuni. Wawira alikaa akimshika mguu tu kwa sababu mikono ilikuwa na dripu. Alimwimbia, si kwa ile sauti ya kanisani, kwa sauti ndogo niliyoanza kuifahamu. Asubuhi moja mguu ulikuwa baridi. Wawira alitoa kelele moja, na kelele hiyo nisingependa kuieleza. Baada yake hakutoa nyingine. Mdomo ule uliotikisa mabati ulifungwa. Nyumbani hakusema na mume, hakusema na mama mkwe, alikaa kwenye kigoda akiangalia mafiga. Wamama walikuja na kuni na maji kidogo waliyokuwa nayo, wakaketi naye, wakaondoka, na hakuwajibu hata salamu.

Nyaga alitengeneza sanduku kwa mbao alizokuwa ameweka za mizinga. Lilinukia asali. Tulisimama pale nyuma ya boma, watu wa kanisa na majirani, mama mkwe akiwa amejifunga kanga mbili na akisema polepole, kama anayejieleza kwa mtu, "Leo nimezikwa nikijiona. Leo nimezikwa nikijiona." Mwinjilisti Njeru aliomba, kisha akasema tuimbe, halafu akanyamaza, kwa sababu kila mtu alijua ni nani huimbisha na huyo alikuwa ameketi chini kwenye vumbi. Akafungua kitabu ili asome mwenyewe. Alikuwa na macho mazuri na sauti nzuri, na angeifanya kazi hiyo vizuri. Hapo Wawira akasema neno la kwanza tangu hospitali. "Wacha Kanana asome."

"Hatasikika, mwanangu," Mwinjilisti akasema kwa upole.

"Najua. Leo sitaki sauti kubwa."

Nilichukua kitabu. Nataka kuandika hapa nilichohisi lakini sina hakika, na sitaki kujipamba. Sikuhisi nguvu. Nilihisi kile kile nilichohisi Makutano mbele ya spika, aibu. Nilimwambia Mungu moyoni, huna mwingine? Kisha nikasoma. Gunia likavutwa sakafuni. Wale wa nyuma hawakusikia, na nilingoja wacheke, na badala yake wakasogea. Nikasoma tena mstari ule ule. Wakasogea tena, wale vijana wachunga mbuzi pia, yule wa maneno ya betri akiwa amevua kofia, mpaka watu wote wakawa wamebanana kumzunguka Wawira na lile sanduku, mabega kwa mabega, wakizuia pumzi ili wasikie. Kengele za mbuzi zilisikika kutoka ng'ambo. Halafu wakaimba, kwa chini, kama watu wanaoimba ndani ya chumba cha mgonjwa. Nikawapa mstari wa pili. Katikati ya wimbo niliona bega la Wawira limegusana na bega la mama mkwe wake, na wote wawili walikuwa wanalia kama watu, si kama mawe. Kama ningekuwa na sauti yangu ya Nkubu ningeimba vizuri sana siku ile, watu wangesimama mbali wakanisifu, na Wawira angebaki peke yake kwenye vumbi. Hilo nimelifikiria miaka yote na bado naamini ni kweli. Mungu alinijibu pale, naamini, na hakunirudishia kitu.

Maana sauti haikurudi. Nalisema kwa ajili ya wanaosoma wakitarajia. Niliendelea kuiomba kwa muda, kisha nikaanza kusahau kuiomba, kisha siku moja nikatambua nimekuwa nikishukuru kwa mambo mengine. Mvua zilinyesha mwishoni mwa mwaka, Tata akapanda ndengu, na mama akatuma nirudi. Niliolewa baadaye na mtu mwema aliyekuwa akisema anapenda nyumba yenye kimya. Na Wawira nilimtembelea mara chache kuliko ilivyopaswa, nauli na watoto na ng'ombe, sababu ambazo ni za kweli na hazitoshi.

Juzi tulimzika. Kulikuwa na hema, jenereta, spika, na karatasi za programu zenye picha yake, mwanya wake ukionekana, na nyimbo zote zimechapishwa ndani. Hakukuwa na haja ya mtu kumsomea mtu. Njue alinionyesha nyumba, na mezani kulikuwa na Biblia ya mama yake iliyochakaa kwa kusomwa. "Alisoma?" nikauliza. "Ngumbaru," akasema. "Shule ya watu wazima. Alianza mwaka uliofuata baada ya wewe kurudi Meru, ndivyo alivyotuambia." Nikakumbuka swali lake la jikoni, kwamba akijua kusoma mimi nitakuwa na kazi gani. Huenda ndipo darasa lilipofunguliwa, sijui. Huenda ni hivyo tu.

Waliniita kaburini. Kijana mmoja akanipa maikrofoni, nikaishika kwa sababu alikuwa na adabu. Ulikuwa wimbo ule ule wa maziko ya Igoki mdogo. Nikasoma mstari wa kwanza, na sauti yangu ikatoka kwenye spika kama mchanga unaomwagwa. Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga: nikanyamaza, nikainamisha kichwa upande wa kushoto, nikingoja sikio la Wawira.

Watu walikuwa na karatasi mikononi, na hawakujua ninangoja nini. Upepo ulitikisa hema. Halafu kutoka kwenye viti vya mbele Mzee Nyaga, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba, akaukamata ule mstari kwa sauti mbovu isiyojua njia, akauimba peke yake mpaka mwisho.

Nikageuza kichwa upande wake, nikamsomea wa pili.